Je, Mwembamba Hana Nguvu? Somo la Afya kutoka kwa Mrushaji Mpira wa Kilo 54

Asubuhi na mapema, njia zinazoteremka kutoka Milima ya Uluguru hadi Bigwa na Kilakala, pembezoni mwa mji wa Morogoro, hujaa watu wanaopeleka mazao sokoni. Wengi wao ni wanawake na vijana wenye miili myembamba, nao hubeba kichwani matenga ya ndizi, mboga na matunda ambayo mtu mnene wa mjini angepata taabu kuyainua. Hata hivyo, kijana mwenye umbo kama lao akijitokeza kuchaguliwa katika timu ya shule, huenda akaambiwa kwamba hana mwili. Akionekana zahanati kwa ajili ya maumivu ya jino tu, huenda majirani wakanong'ona kwamba amekonda kwa sababu ya ugonjwa. Kwa upande mwingine, yupo ambaye kweli anaumwa, lakini kwa kuwa miaka yote amejulikana kuwa mwembamba, hakuna anayetambua kwamba nguo zake zimeanza kumpwaya.

Makosa haya mawili, la kumwona mzima kuwa mgonjwa na la kumwona mgonjwa kuwa mzima, hutokana na chanzo kimoja: kuutazama wembamba wa mtu siku moja na kudhani kwamba umeeleza kila kitu. Makala hii inaeleza uhusiano wa uzito, nguvu na afya kwa kutumia mfano wa mwanamichezo wa karne ya 19 ambaye, kwa vipimo vya leo, angeandikwa kwenye daftari la kliniki kuwa na uzito pungufu.

Mrushaji mwepesi kupita kiasi

William Arthur Cummings, aliyejulikana zaidi kwa jina la Candy Cummings, alizaliwa Oktoba 18, 1848, katika mji wa Ware, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alikuwa mrushaji wa mpira katika mchezo wa besiboli. Katika mchezo huo, mrushaji husimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpinzani aliyeshika gongo. Kazi yake ni kuurusha kwa namna ambayo mpinzani huyo atashindwa kuupiga vizuri. Ligi ya kwanza ya wachezaji wa kulipwa ilianza mwaka 1871, na Cummings aliingia mwaka uliofuata akiwa na timu ya New York Mutuals.

Kumbukumbu za mchezo huo zinampa urefu wa karibu sentimita 175 na uzito wa ratili 120, yaani kilo 54 hivi. Uwiano wa uzito na urefu hupatikana kwa kuchukua uzito kwa kilo, kuugawanya kwa urefu kwa mita, kisha kuligawanya jibu kwa urefu huo mara ya pili. Kwa Cummings hesabu hiyo inatoa takriban 17.6. Shirika la Afya Duniani huhesabu mtu mzima aliye chini ya 18.5 kuwa na uzito pungufu, na aliye kati ya 18.5 na 24.9 kuwa na uzito wa kawaida.

Pamoja na hayo, katika msimu wake wa kwanza wa kulipwa Cummings alishinda mechi 33 na kushindwa 20. Mwaka 1875, akiwa na timu ya Hartford, alishinda 35 na kushindwa 12. Septemba 1876 alirusha na kushinda mechi mbili katika siku moja. Mtu ambaye kipimo kimoja kingemweka katika kundi la dhaifu alifanya kazi iliyowachosha wenye miili mikubwa kuliko wake.

Siri yake haikuwa nguvu za kifua. Alisimulia kwamba mwaka 1863, akiwa kijana mdogo Brooklyn, alikuwa akirusha makombe ya baharini pamoja na wenzake, akaona jinsi yanavyopinda hewani, ndipo akajiuliza kama mpira nao ungeweza kupindishwa. Alifanya mazoezi kwa miaka minne hivi hadi alipoona jaribio lake likifaulu katika mechi dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1867. Wapo wengine waliodai kumtangulia, na ubishi huo haujaisha. Lakini mwaka 1939 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo akitambuliwa kuwa mwanzilishi wa mpira unaopinda.

Nguvu ya kurusha hutoka wapi?

Mtoto anayeamia ndege katika mashamba ya mpunga ya Dakawa anaweza kulijibu swali hili bila kusoma fiziolojia. Akitumia kombeo, jiwe huenda mbali mara kadhaa kuliko akilirusha kwa mkono mtupu, ingawa mwili wake ni uleule. Kombeo hurefusha mkono, na mwendo mdogo wa bega huwa mwendo mkubwa wa jiwe.

Mwili wenyewe hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Mtu anaporusha, nguvu huanzia mguuni unapokanyaga ardhi, hupanda kwenye nyonga, huzungusha kiwiliwili, huingia begani, hupita kwenye kiwiko na kifundo cha mkono, na kutokea kwenye ncha za vidole. Kila kiungo hupokea mwendo kutoka kwa kilichotangulia na kuuongezea kasi, kama ncha ya mjeledi inavyokwenda kasi kuliko mpini. Tafiti za wachezaji wa tenisi zimekadiria kwamba karibu nusu ya nishati ya pigo la kuanzisha mchezo hutoka miguuni na kiwiliwilini, si mkononi. Kwa warushaji wa kiwango cha juu, bega huzunguka kwa kasi inayopita nyuzi 7,000 kwa sekunde, mwendo ulio miongoni mwa ile ya kasi zaidi iliyowahi kupimwa katika mwili wa binadamu.

Haina maana kwamba uzito haufai kitu. Mwenye misuli mingi zaidi ana nguvu nyingi zaidi za kuanzia, na warushaji wengi wa leo ni watu wakubwa. Tofauti iko kwenye kile kinachorushwa. Tufe la wanaume lina kilo 7.26, kulisukuma kunadai mwili wenye uzito wa kutosha nyuma yake. Mpira wa besiboli hauzidi gramu 150, na mkuki wa wanaume una gramu 800. Chombo kinavyozidi kuwa chepesi, ndivyo kasi ya mkono na mpangilio wa viungo vinavyozidi kuamua matokeo. Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mtandaoni, alishinda ubingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72, naye hakuwa mrefu kwa viwango vya warushaji wenzake.

Kwa Cummings kulikuwa na jambo jingine. Sheria za wakati wake zilimtaka mrushaji arushe mkono ukitokea chini, miguu yote miwili ikiwa ardhini. Hivyo alinyimwa sehemu kubwa ya nguvu za miguu, akabaki na kifundo cha mkono na vidole. Alivitumia kuuzungusha mpira. Mpira unaozunguka huivuta hewa upande mmoja na kuipinga upande wa pili, na tofauti hiyo huusukuma kutoka kwenye mstari wake. Mwanafizikia Mjerumani, Heinrich Gustav Magnus, aliichunguza hali hiyo katikati ya karne ya 19, na kila mpenzi wa soka ameiona pale mpira wa adhabu unapouzunguka ukuta wa mabeki na kuingia wavuni.

Ustadi hufidia uzito katika kazi za kila siku pia. Mwaka 1986 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya wanawake wa Kenya waliozoea kubeba mizigo kichwani. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Tafiti za baadaye hazikupata matokeo hayo kwa kila mbebaji, lakini zimeonyesha kwamba namna ya kutembea ina nafasi yake. Anayewatazama wanawake wa Uluguru wakishuka mlimani kwa mwendo wao wa kuyumba taratibu anaelewa kwamba utaratibu huo ni elimu iliyojengwa tangu utotoni.

Gharama iliyolipwa na kifundo cha mkono

Ustadi, hata hivyo, hauondoi mzigo. Huuhamishia mahali pengine. Cummings alieleza kwamba mfupa wa kifundo cha mkono wake ulikuwa ukiteguka mara kwa mara, na kwamba alilazimika kuvaa kitu cha kukishikilia kifundo hicho kwa msimu mzima. Mwaka 1877, kabla hajatimiza miaka 29, alikuwa amemaliza kucheza katika ligi kubwa.

Jambo hili linawahusu watoto na vijana wa leo kwa karibu. Mfupa unaokua una sehemu za gegedu karibu na ncha zake, ambazo ni laini kuliko mfupa uliokomaa. Kurusha mara nyingi bila kupumzika huzivuta na kuzivimbisha, hasa begani na kwenye kiwiko. Ndiyo sababu mashindano ya watoto ya Little League huko Marekani, ambayo mwaka 2012 yalishuhudia timu ya Lugazi, Uganda, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali zake za dunia, yameweka ukomo: mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha zaidi ya mara 85 kwa siku, na anayerusha mara 66 au zaidi hupumzika siku nne.

Shule nyingi za Morogoro hazichezi besiboli, lakini zinarusha mkuki, tufe na kisahani kwenye michezo ya UMISSETA, na wasichana hucheza netiboli na rede. Mwalimu wa michezo anapomsikia mwanafunzi akilalamika kwamba bega au kiwiko cha mkono wa kurushia kinauma, amsimamishe kurusha hadi maumivu yaishe. Maumivu yakiendelea zaidi ya wiki mbili, mkono ukishindwa kunyooka, au vidole vikifa ganzi, apelekwe kituo cha afya. Dawa ya maumivu inayomezwa ili mchezo uendelee huficha ishara na kuacha jeraha likue.

Wembamba wa kimaumbile na wembamba wa ugonjwa

Uwiano wa uzito na urefu ulitokana na kazi ya mtakwimu Mbelgiji wa karne ya 19, Adolphe Quetelet, ambaye lengo lake lilikuwa kueleza umbo la watu wengi kwa pamoja, si kumpima mgonjwa mmoja. Unafaa kama swali la kwanza. Hauwezi kutofautisha misuli na mafuta, wala kueleza kama uzito huo umekuwepo miaka kumi au umefikiwa mwezi uliopita.

Mtu mwenye wembamba wa kimaumbile huwa na sifa zinazotambulika. Uzito wake haujabadilika kwa kipindi kirefu. Anakula vizuri, anafanya kazi zake bila kuchoka kupita kiasi, hana homa wala kikohozi, na mara nyingi mzazi au ndugu zake wana umbo hilohilo. Akiwa mwanamke wa umri wa kuzaa, hedhi yake inakuja kwa mpangilio. Mtu huyu hahitaji tiba.

Wembamba unaotia shaka ni ule unaosogea. Mtu mzima anayepoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia anastahili kuchunguzwa. Kwa mtu wa kilo 54, hiyo ni kama kilo 3 tu, kiasi ambacho jicho halikioni lakini mkanda wa suruali hukitambua. Katika mazingira ya Tanzania, la kwanza kufikiriwa ni kifua kikuu: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito. Vipimo na matibabu yake hutolewa bila malipo. Maambukizi ya VVU huulizwa na kupimwa kwa ridhaa. Kisukari hujitokeza kwa kiu kali na kukojoa mara kwa mara. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya moyo ya kasi, kutetemeka na kutovumilia joto. Minyoo, kichocho, kuhara kwa muda mrefu, saratani, sonona na uhaba wa chakula nyumbani navyo visisahaulike.

Katika ukanda huu wembamba umebeba pia mzigo wa historia. Katika miaka ya 1980, nchini Uganda, UKIMWI uliitwa kwa jina lenye maana ya wembamba, na tangu wakati huo mtu aliyekonda amekuwa akihukumiwa kabla ya kupimwa. Hukumu hiyo huwafanya baadhi ya watu waogope mizani ya zahanati, na hivyo kuchelewesha ugunduzi wa magonjwa ambayo yote yana tiba au udhibiti. Leo mtu anayeishi na VVU na anayetumia dawa vizuri huweza kuwa na mwili wa kawaida kabisa, na mwembamba huweza kuwa hana maambukizi yoyote. Umbo si kipimo cha VVU.

Kuna hali mbili ambazo wanamichezo wembamba huzipata na ambazo hupita bila kutambuliwa. Ya kwanza ni kula pungufu ya nishati inayotumika. Kijana anayepanda mlima kwenda shambani, anayetembea kilomita nyingi kwenda shule na kufanya mazoezi jioni anaweza kuwa anakula milo yake yote na bado asitosheke. Dalili zake ni uchovu usioisha, kuugua mara kwa mara, nyufa ndogo za mifupa, na kwa wasichana kukosa hedhi. Msichana aliyekosa hedhi kwa miezi mitatu, baada ya ujauzito kuondolewa kwenye orodha, asiambiwe kwamba ni kawaida ya wanamichezo.

Ya pili ni hali ya kurithi iitwayo ugonjwa wa Marfani. Mwenye nao huwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono na vidole virefu isivyo kawaida. Huenda macho yake yana tatizo la lenzi, au katika familia yake kuna mtu aliyefariki ghafla. Hatari yake iko kwenye mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ambao unaweza kutanuka na kupasuka. Flo Hyman, mchezaji mashuhuri wa mpira wa wavu wa Marekani, alifariki hivyo akiwa mchezoni nchini Japani mwaka 1986. Ugonjwa wake haukuwa umegunduliwa. Kijana mwenye sifa hizi apelekwe kwa uchunguzi wa moyo kabla ya kuingizwa kwenye mashindano.

Mambo ya kufanya

Kwa mhudumu wa afya, kazi kubwa ni kuandika. Uzito upimwe kwa mizani ileile inapowezekana, bila viatu wala nguo nzito, na uwekwe kwenye kadi pamoja na tarehe. Kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 19, itumike chati ya umri na jinsia, kwa kuwa kiwango cha 18.5 ni cha watu wazima. Maswali matatu yatangulie vipimo vya maabara: uzito umebadilika, umebadilika kwa muda gani, na kuna dalili gani nyingine? Majibu yaulizwe faraghani, mbali na masikio ya foleni.

Kwa mwanamichezo mwembamba na mzazi wake, njia ya kuongeza nguvu ni chakula na mazoezi yenye mpangilio. Uji wa asubuhi wenye karanga, maharage au njegere, dagaa, mayai, viazi, ndizi na matunda, vyote hupatikana katika masoko ya Morogoro. Mazoezi yaanze na miguu, nyonga na kiwiliwili, kisha mkono, kwa sababu ndiko mrusho unakoanzia.

Jambo la kuepukwa kabisa ni dawa za kunenepa zinazouzwa bila ushauri wa daktari. Baadhi huwa na siproheptadini, inayoongeza hamu ya kula lakini huleta usingizi mzito. Nyingine huwa na deksamethasoni, ambayo huvimbisha uso na mwili, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na kupunguza kinga. Mtu mwenye kifua kikuu kilichojificha anaweza kunenepa usoni huku ugonjwa ukienea kifuani. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiiache ghafla. Aende hospitali, aeleze alichotumia bila aibu, apunguziwe taratibu.

Cummings alipoacha mpira aliendesha biashara ya rangi na karatasi za ukutani katika mji wa Athol, Massachusetts. Aliishi katika zama ambazo kifua kikuu kiliua watu wengi na hakikuwa na dawa, na daktari yeyote wa wakati huo angeweza kuushuku mwili wake. Alifariki Mei 16, 1924, akiwa na umri wa miaka 75. Wembamba wake ulikuwa umbo lake tu. Kijana wa Uluguru mwenye mwili kama huo anaweza kuwa na bahati hiyohiyo, au anaweza kuwa na ugonjwa unaotibika. Mizani, kadi yenye tarehe, na dakika chache za maswali ya faragha ndivyo vinavyoweza kutofautisha.